Mpiga Klarineti wa Kigongo

Mwezi uliopita nilivuka Kigongo kwa daraja kwa mara ya kwanza. Nilikuwa natoka Buswelu, ninakoishi siku hizi, kwenda Sengerema kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Dereva hakupunguza hata mwendo. Nilianza kumwonyesha mwenzangu mahali ilipokuwa nyumba yetu, na kabla sijamaliza kueleza tukawa tumeshafika Busisi, ng'ambo ya maji. Akaniuliza kama nasikitika. Nikamwambia hapana, na nilikuwa nasema kweli. Akina mama wamejifungulia kwenye foleni ya pantoni pale. Hakuna wa kuililia foleni.

Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimkumbuka mtu mmoja aliyekuwa akipiga klarineti kwenye foleni ile. Wanaomkumbuka tumebaki wachache, nawe ndugu yangu una muda, basi nikusimulie.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Mama yangu alirudi kwao Magu nilipokuwa mdogo, akaolewa tena huko. Baba alikuwa mpiga gitaa. Alikuwa amekwenda Mwanza mjini kujiunga na bendi ya jazi kabla sijazaliwa, akarudi mara moja kuoa, mara nyingine kuniona nikiwa na umri wa miezi kadhaa, kisha bendi ikasafiri naye hakurudi. Bibi hakuwa mtu wa kulia. Alikaanga samaki. Alikuwa na meza yake karibu kabisa na mahali pantoni ilipotia nanga, na kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kuparua magamba ya sato, kuchota maji ziwani, na kupanga matobolwa kwenye ungo. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Vinatafunwa taratibu, na vilifaa sana kwa mtu anayesubiri. Pale kila mtu alisubiri. Malori ya pamba yalisubiri, ng'ombe walisubiri, maharusi walisubiri huku shela limejaa vumbi. Mpaka leo harufu ya mafuta ya pamba yakichemka inanirudisha kwenye kile kiti changu cha miguu mitatu.

Nilikuwa darasa la pili yule mpiga klarineti alipokuja, fundi wa kuziba vyombo. Alikuwa mzaliwa wa hapohapo, ila alikuwa ameishi mjini miaka mingi. Alipanga chumba nyuma ya duka, akaweka jiko la mkaa kwenye kibaraza, akaanza kuziba masufuria yanayovuja na kutengeneza koroboi kwa makopo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na sugu ambayo sisi watoto hatukuelewa imetoka wapi, mpaka jioni moja alipofungua kisanduku chake cheusi. Ndani, kwenye kitambaa chekundu kilichofifia, kulikuwa na vipande vitano vya mti mweusi vyenye vyuma vinavyong'aa. Akaviunganisha kimoja kimoja bila haraka, akakaa kwenye kiti chake mbele ya foleni ya malori, akapuliza.

Sijui nikuelezeje. Sisi tulizoea ngoma, kwaya ya kanisani na redio. Ile ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza bila maneno. Chini ilikuwa nzito kama sauti ya mzee anayenong'ona, juu ilikuwa nyembamba na safi, na aliweza kutoka chini kwenda juu bila kuonyesha mahali alipopandia. Madereva walizima injini. Mmoja akapaza sauti, "Baba Tarumbeta, piga tena!"

Fundi aliitoa mdomoni. "Hii si tarumbeta," alisema. "Ni klarineti."

Haikusaidia. Hadi alipoondoka, Kigongo nzima ilimwita Baba Tarumbeta, naye kila mara alisahihisha, kwa upole, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Bibi hakumwita kwa jina lolote. Fundi alikuwa mpiga klarineti wa bendi ile ile iliyomchukua baba. Walikuwa marafiki tangu ujana, walikwenda mjini pamoja siku moja, kwa lori moja. Kijijini ilijulikana kwamba fundi ndiye aliyekuwa na muziki kichwani. Alikuwa amefundishwa na padre kwenye shule ya misheni, akapiga katika bendi ya shule, akajua kusoma noti. Baba alijifundisha mwenyewe gitaa la mbao. Kwa hiyo kwa bibi hesabu ilikuwa rahisi: mwenye muziki alimvuta asiye nao. "Alinichukulia mwanangu," alisema mara moja tu nikamsikia, akiwa anamwambia jirani yetu, mama wa kuuza uji. "Na sasa amerudi mwenyewe mikono mitupu."

Kila asubuhi fundi alipita mbele ya meza yetu akienda ziwani kunawa. Alisimama, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Bibi aliitikia kwa sababu alifundishwa kwamba salamu haina kosa, mtu haadhibiwi kwa kunyimwa marahaba. Lakini hakuuliza habari za kuamka, na samaki hakumuuzia. Fundi akitaka samaki alimtuma mtu. Bibi alijua samaki yule ni wa nani, na nadhani alimchagulia mdogo.

La karai ndilo lililokuwa likiwachekesha watu. Karai letu la kukaangia lilikuwa kuukuu na lilivuja kila baada ya miezi michache. Fundi wa kuziba alikuwa hatua arobaini kutoka mezani petu. Bibi alilifunga karai kwa kanga, akalipakia kwenye gari lolote lililokuwa linatoka kwenye pantoni, akaenda nalo mpaka Usagara, njia panda, akalizibisha huko, akarudi nalo jioni. Siku hiyo hatukuuza kitu. Mama wa uji alimwambia, "Mama wee, unajitesa bure." Bibi akamjibu kwamba mafundi wa Usagara ni hodari zaidi. Hawakuwa hodari. Kiraka chao kilikaa miezi miwili.

Nami, kwa kuwa nilikatazwa kukaa na fundi, nilimtazama kutoka mbali kwa muda mrefu hivi kwamba nilijua mambo yake kuliko waliokaa naye. Nilijua kwamba klarineti yake ilihitaji kipande chembamba cha mwanzi mdomoni, alichokiita ulimi, na kwamba zile ndimi za dukani hazikupatikana tena hata mjini. Ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Fundi alikwenda kukata matete kando ya ziwa, akayaanika juu ya bati wiki kadhaa, akayapasua, akayakwangua kwa kipande cha chupa mpaka mwanga ukapita. Katika kumi, tisa zililia kama mbuzi. Alizitupa bila kukasirika na kuanza tena. Ile ya kumi alipoipata aliipigia siku nyingi, na sauti yake haikuwa tena ileile ya mwanzo. Ilikuwa na ukwaruzo kidogo. Mimi niliipenda zaidi hii ya pili.

Alipiga nyimbo za zamani za dansi, zile ambazo madereva wa umri wake walizijua wakaimba mashairi yake. Nyingine nadhani alizitunga palepale. Wakati mwingine lori lilipopiga honi alichukua sauti ya ile honi akaiingiza kwenye wimbo, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Macho yake wakati wa kupiga yalikuwa ya mtu anayesikiliza habari ya mbali.

Nilikuwa darasa la nne baba alipokuja.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Alishuka kwenye lori lililotoka upande wa Mwanza, suruali pana chini, gitaa kwenye mfuko wa turubai. Alikuja moja kwa moja mezani akasimama. Bibi alikuwa anageuza samaki. Aliinua kichwa, akamtazama, akamalizia kugeuza wale samaki wawili waliobaki, ndipo akasema, "Umekonda."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu ni mwanao. Msalimie baba yako, wewe."

Nilimwamkia. Alinishika kichwani akasema nimekuwa mkubwa, jambo ambalo halikuwa na ubishi.

Alikaa siku tatu. Bibi alichinja kuku siku ya kwanza na siku ya pili. Baba alisimulia habari za Tabora, za Kigoma, za Nairobi, na watu walijaa uani kumsikiliza, maana alikuwa msimuliaji mzuri na mcheshi. Alininunulia biskuti. Alinionyesha namna ya kubana nyuzi za gitaa, nikaumia vidole, akasema nitazoea. Nilianza kuhesabu vitu ambavyo tungefanya pamoja. Bibi naye alianza. Nilimsikia akimwambia mama wa uji kwamba chumba cha nyuma kinahitaji bati jipya, mtu mzima hawezi kulala panapovuja.

Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, baba alikwenda kwenye kibaraza cha fundi. Walikuwa wamesalimiana Ijumaa lakini kwa ufupi, kama watu wenye kitu kati yao. Nilimfuata, na safari hii bibi hakunizuia. Baba alisema, "Toa ile filimbi yako, tuwakumbushe hawa."

Fundi alitazama upande wa meza yetu. "Mama yako yuko pale," alisema. "Atachukia."

"Mama hachukii muziki. Toa."

Walipiga. Bibi alikaa akiwa ametupa mgongo, anaparua samaki ambaye nilijua nimeshamparua mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasikia watu wawili wakipiga kitu kimoja. Gitaa la baba lilikuwa jepesi na la haraka, lilikwenda mbele likirudi nyuma likimsalimia kila mtu. Klarineti ilikaa chini yake, ikalishika, ikalisubiri linapokosea. Hata mimi mtoto niliona nani anambeba nani. Akina mama waliotoka kanisani waliweka Biblia zao kwapani wakaanza kutikisa mabega. Katikati ya wimbo wa tatu pantoni ikafika, malori yakaanza kuwasha injini, na nikaona jicho la baba limehama. Dereva mmoja alimwita kwa jina. Walizungumza kwa ishara. Baba akasimama, huku klarineti bado inapiga, akaingiza gitaa kwenye mfuko wake.

Alikuja mezani. "Mama, lile lori linakwenda Bukoba. Nimepata lifti. Kuna watu kule wananisubiri."

Bibi alisema, "Leo?"

"Nitarudi mwisho wa mwezi."

Fundi alikuwa ameacha kupiga. Alikuja akikimbia, klarineti mkononi, akamshika baba mkono pale pale mbele yetu. Sijawahi kumwona fundi akimshika mtu.

"Usiende," alimwambia. "Kaa walau wiki moja. Mtoto hajakuzoea."

"Niache, kaka. Lori linaondoka."

"Nimwambie nini mama tena? Safari hii nimwambie nini?"

Baba alicheka, akajichomoa, akanigusa kichwani, akakimbia akarukia nyuma ya lori likiwa tayari linaingia kwenye pantoni. Alitupungia mkono mpaka katikati ya maji. Fundi alibaki amesimama na mkono wake wazi. Bibi alimtazama fundi. Hakumtazama mwanawe, alimtazama fundi, kwa muda mrefu.

Siku ya tatu asubuhi bibi alimwaga mafuta ya karai, akalisugua kwa mchanga, akanipa.

"Mpelekee fundi. Mwambie linavuja."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Fundi wa hapa?"

"Kuna mwingine?" Kisha, akiwa anafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakuna aliyemchukua mwanangu. Yule hujichukua mwenyewe."

Fundi alilipokea karai kwa mikono miwili. Aliligeuza chini juu, akagusa viraka. "Hizi ni kazi za Usagara," alisema, na hiyo ndiyo kejeli pekee niliyowahi kuisikia kinywani mwake. Alitoa viraka vyote vya zamani, akaanza upya, akafanya kazi mpaka saa sita mchana. Hakunipa nilirudishe. Alilibeba mwenyewe, akaliweka mezani mbele ya bibi, akavua kofia.

"Mama," alisema, "nisamehe."

Bibi akatazama karai, akapitisha kidole chini yake. "Yameisha," alisema. "Keti ule."

Akaketi. Bibi akamchagulia sato mkubwa.

Kuanzia hapo fundi alikula kwetu karibu kila siku, na jioni alileta klarineti akaipigia mezani petu badala ya kwenye kibaraza. Bibi alisikiliza akiwa anahesabu kuni au anachambua mchicha, hakuwahi kukaa kusikiliza tu. Lakini alikuwa na maoni. "Hii filimbi yako ina akili," alimwambia. "Haipayuki." Siku moja ya Kwaresima alimwomba wimbo wa kanisani. Fundi akaupiga, kwanza ulivyo, kisha akaanza kuuzungusha, akiuingiza huku na kuutolea kule, jinsi jazi inavyofanya. Bibi akapiga meza kwa mwiko.

"Usimzungushe Mungu! Piga moja kwa moja."

"Ndiyo, mama," fundi akasema, akapiga moja kwa moja. Baada ya Pasaka, bibi mwenyewe alimwomba auzungushe tena kidogo, aone unavyokwenda.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu mizuri. Nilikaribia kumaliza shule ya msingi kifua cha fundi kilipoanza kumsumbua. Walisema ni moshi wa mkaa na risasi aliyoyeyusha kuzibia. Alikuwa akipiga wimbo nusu, akapumzika, akamalizia. Kisha nusu tu. Dada yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake Usagara. Bibi alikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili alirudi akisema anaendelea vizuri, huku akinituma kuchota maji ambayo yalikuwepo. Alikufa wakati wa masika. Tulikwenda kuzika. Klarineti ilikuwa juu ya kabati, kwenye kisanduku chake. Mpwa wake mmoja aliichukua baadaye akasema ataipeleka kwa kwaya fulani, na sikusikia tena habari zake.

Baba alirudi kuishi Mwanza akiwa mzee, baada ya bendi zote kwisha. Hakuwa na ugomvi na mtu. Bibi alipofariki alikuja Kigongo kwenye matanga, tukakaa uani yeye na mimi, watu wazima wawili wasiojuana sana, tukiongea mambo ya zamani. Nikamtajia fundi. Nikamweleza habari ya karai, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Mama alidhani yeye ndiye aliyenichukua?"

"Miaka yote. Hukujua?"

"Mimi ndiye niliyemchukua yeye," alisema. "Alikuwa hataki mjini. Alikuwa afundishe muziki pale misheni, padre alishamwahidi. Nilimfuata mara tatu akakataa. Mimi bila yeye bendi isingenipokea, mimi sikuwa na kitu. Mara ya nne nikamwambia nimetumwa na mama. Nikamwambia mama amesema nikitaka kwenda niende, lakini yeye afuatane nami aniangalie, maana ndiye mwenye akili. Akakubali siku ileile."

"Bibi alisema hivyo?"

"Mama hakujua hata kama nakwenda."

Nilichukua muda kuipanga habari hiyo kichwani. Kila asubuhi, kofia mkononi, mtu yule alikuwa akimwamkia mwanamke ambaye yeye fundi aliamini amemkabidhi mwanawe. Aliporudi Kigongo bila baba yangu, alijua anachukiwa, na aliona ni haki. Naye bibi alimchukia kwa kosa jingine kabisa. Siku ile aliyosema nisamehe, alikuwa anaomba radhi kwa ahadi ambayo bibi hakuwahi kuiomba, naye bibi akasamehe wizi ambao haukutokea.

"Uliwahi kumwambia mmoja wao?" nilimuuliza baba.

"Nilikuwa napanga," alisema. Kisha akauliza kama kuna chai.

Nilikwenda kumletea chai. Sikumkasirikia; hasira ingekuwa ya nani, na wenyewe walishakula sahani moja miaka mitatu? Baba naye sasa hayupo. Nimejaribu kutafuta kama bendi yao ilirekodi chochote. Mzee mmoja wa Kirumba aliniambia kanda zilikuwepo, zikafutwa zikarekodiwa mambo mengine. Naweza kukueleza sauti ya klarineti ile, ukwaruzo wake na mahali ilipopumua, lakini ukiniambia niimbe wimbo hata mmoja kati ya zile alizokuwa akizipiga, siwezi. Nimeshajaribu nikiwa peke yangu jikoni. Hutoka wimbo wa redio.